Rangi Isiwe Hakimu

Msomaji, macho yana haraka kuliko akili. Gazeti likiwekwa mezani, tangazo likibandikwa ukutani, au simu ikiwashwa kiganjani, rangi imekwisha kuingia moyoni mwako kabla hujasoma neno la kwanza. Herufi hupiga hodi na kungoja. Rangi haipigi hodi. Kwa sababu hiyo kila mwenye jambo la kukuuzia, liwe sabuni, au chama, au fikira, hutafuta rangi yake mapema, na aghalabu huitafuta kabla ya kutafuta maneno. Katika insha hii nataka kushindana na fundisho moja lililoenea sana kati ya watengenezaji wa matangazo na kurasa, nalo ni fundisho la kwamba kila rangi ina maana yake ya asili, na kwamba mwanadamu akionyeshwa rangi hiyo huitii bila hiari yake. Nasema fundisho hilo si la kweli. Nasema tena kwamba madhara yake humpata kwanza kijana asomaye, maana humzoeza kuhukumu kwa macho yale yaliyopasa kuhukumiwa kwa akili.

Nililipokea fundisho hilo chuoni nilikofunzwa ualimu. Tulipewa jedwali tulinakili daftarini ili litusaidie kutengeneza vielelezo vya kufundishia. Nyekundu ni hatari na hasira; buluu ni uaminifu na utulivu; manjano ni furaha; kijani ni uhai na usalama; nyeusi ni huzuni; nyeupe ni usafi. Hatukuambiwa ni nani aliyeyapima mambo hayo, wala aliyapima kwa watu wa nchi gani. Tulilikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha tulipokuwa wadogo. Lakini mbili mara mbili ni nne Mombasa, na ni nne Beijing, na itakuwa nne kesho. Jedwali la rangi haliwezi kujisifu hivyo, kama nitakavyokuonyesha.

Kwanza niungame kosa langu, ili usidhani kwamba nawasema wengine tu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilichora ramani kubwa ya Kenya kuonyesha maeneo ya malaria. Mahali penye hatari nyingi nilipapaka rangi nyekundu, na mahali penye hatari ndogo nilipapaka kijani. Sikuandika neno lolote juu yake, kwani niliamini kwamba rangi zajieleza. Nilimwita mvulana mmoja wa kidato cha pili aje aonyeshe eneo lenye hatari nyingi. Akasita, kisha akaweka kidole katikati ya nyanda za juu. Nikamwuliza mara ya pili, akakosea mara ya pili. Darasa likacheka. Nami, badala ya kulinyamazisha, nikamwambia kwamba hata mtoto wa chekechea ajua kwamba nyekundu ni hatari. Hakunijibu, alirudi kwenye kiti chake akainama.

Baada ya wiki chache nilimsikia akimwuliza jirani yake kwa sauti ya chini ni kalamu ipi iliyo ya kijani. Ndipo nilipofahamu. Macho yake hayakutofautisha rangi zile mbili. Malaria aliijua kuliko wengi wetu, maana alizaliwa kando ya Ziwa Victoria, na ugonjwa huo ulikuwa umemlaza mara nyingi. Asichokijua ni siri niliyoificha ndani ya rangi. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililomcheka, naye alinisamehe. Lakini radhi haifuti kicheko.

Hali ile si ya ajabu, wala si ya ujinga. Mwaka 1794 mwanasayansi Mwingereza John Dalton aliandika juu ya macho yake mwenyewe, akaeleza kwamba hakuziona rangi kama wenzake walivyoziona. Leo twajua kwamba miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hali hiyo humpata takriban mmoja katika kila 12. Miongoni mwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Kwa wanawake ni nadra, kwa kuwa urithi wa jambo hilo hupitia kromosomu X, na mwanamke anazo mbili, hata moja ikiwa na kasoro nyingine humfaa. Basi gazeti, au ramani, au karatasi ya mtihani isemayo kwa nyekundu na kijani peke yake, imewafungia mlango baadhi ya wasomaji wake, kisha huwalaumu kwa kutoingia.

Sasa tulitazame lile jedwali kwa haki. Lasema kwamba kijani ni usalama. Sikiliza habari za reli. Katika karne ya 19 reli za Uingereza zilitumia taa za rangi tatu usiku: nyekundu ya kusimamisha, kijani ya kutahadharisha, na nyeupe ya kuruhusu garimoshi lipite. Usalama ulikuwa wa nyeupe, si wa kijani. Utaratibu huo ulikuwa na hatari ndani yake. Kioo chekundu kilipovunjika, taa ya kusimamisha ilionekana nyeupe, na dereva akaelewa kwamba njia ni salama. Tena taa nyeupe za nyumba na za barabara ziliweza kumdanganya. Kwa hiyo kijani ikapandishwa cheo, ikawa rangi ya ruhusa. Aliyeipandisha si asili ya moyo wa mwanadamu. Waliipandisha wahandisi wakiogopa ajali. Sisi tulio wajukuu wa vitukuu vyao twaiona taa ya kijani barabarani na kudhani kwamba imeumbwa hivyo.

Jedwali lasema kwamba nyekundu ni hatari na hasara. Katika masoko ya hisa ya London na New York, bei ikishuka huandikwa kwa nyekundu, na ikipanda huandikwa kwa kijani. Nenda Shanghai, utaona kinyume chake: nyekundu ndiyo ya kupanda, na mwenye hisa akiiona hufurahi. Jedwali lasema kwamba nyeusi ni huzuni. Lakini mwanamke wa Lamu huvaa buibui jeusi aendapo arusini, ilhali Wahindu wengi huvaa nguo nyeupe aendapo mmoja wao kuchomwa maiti. Nyeupe hiyo hiyo ni ya sanda ya Mwislamu, na ni ya shela la bibi arusi wa kanisani. Ikiwa rangi moja yaweza kwenda kaburini na arusini, basi maana yake haimo ndani ya rangi. Imo ndani ya mapatano ya watu.

Tena mapatano hayo yaweza kuwa ya juzi tu. Wamarekani leo husema "majimbo mekundu" wakikusudia yale yanayokipigia kura chama cha Republican, na "majimbo ya buluu" wakikusudia yale ya Democratic. Mgeni aweza kufikiri kwamba desturi hiyo ni ya tangu enzi za waasisi wao. La hasha. Ilikazika katika uchaguzi wa mwaka 2000. Kabla ya hapo kila kituo cha televisheni kilipaka ramani yake kipendavyo, na mwaka 1980 kituo cha NBC kiliyapaka buluu majimbo aliyoshinda Ronald Reagan, naye alikuwa mtu wa Republican. Uingereza mambo yako kinyume: Conservative ni buluu na Labour ni nyekundu.

Hata bendera yetu ni ushahidi. Tulifundishwa shuleni kwamba weusi wake ni watu wa Kenya, wekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, kijani ni ardhi, na weupe ni amani. Ni maana nzuri, nami naiheshimu. Lakini twaijua kwa sababu tuliambiwa kwa maneno. Mgeni ambaye hajaambiwa aweza kuikodolea macho bendera hiyo tangu asubuhi hadi jioni, asipate hata moja ya habari hizo.

Lugha yetu yenyewe yafundisha jambo hili kwa upole. Tazama maneno yetu ya rangi. Matatu ni sifa halisi zinazobadilika kwa kufuata jina: -eupe, -eusi, na -ekundu. Katika mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walilinganisha lugha 98, wakasema kwamba lugha ikiwa na maneno matatu tu ya msingi ya rangi, huwa ni hayo ya weusi, weupe na wekundu. Hapo Kiswahili chafanana na ndugu zake wa mbali, maana macho ya wanadamu yameumbwa kwa namna moja. Lakini majina yetu mengine ya rangi yametoka wapi? Kijani ni jani. Manjano ni kile kiungo cha jikoni. Kahawia ni kahawa, kijivu ni majivu, zambarau ni tunda, na samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Wazee waliotuachia maneno hayo hawakutuambia kwamba manjano ni furaha. Walitwambia kwamba ni rangi ya kitu fulani, wakatuachia sisi wenyewe kufurahi au kutofurahi.

Naam, wako waliojaribu kulithibitisha jedwali kwa njia ya sayansi, nao yafaa tuwasikilize. Mwaka 1979, katika gereza la Jeshi la Wanamaji la Marekani mjini Seattle, chumba kilipakwa rangi ya waridi, na habari ikaenea kwamba wafungwa wakali waliowekwa humo walitulia upesi. Magereza mengine yakaiga. Lakini jaribio la uangalifu lililofanywa katika gereza la Uswisi na kutangazwa mwaka 2015 liliwalinganisha wafungwa wa vyumba vya waridi na wale wa vyumba vyeupe, lisione tofauti ya ukali kati yao. Vivyo hivyo mwaka 2007 wataalamu wa Marekani na Ujerumani walitangaza kwamba mtahiniwa akionyeshwa rangi nyekundu kabla ya mtihani hufanya vibaya zaidi. Habari kama hiyo yaweza kumstusha mwalimu mwenye kalamu nyekundu, nami ni mmoja wao. Lakini mwaka 2020, majaribio mengi ya namna hiyo yalipokusanywa na kupimwa pamoja, ushahidi wake ulionekana kuwa dhaifu. Habari ya kwanza ilitangazwa kwa tarumbeta. Masahihisho yake yalikuja kimyakimya. Ndivyo ilivyo desturi ya mambo yapendezayo.

Kuna na kisa kingine ambacho wapenzi wa jedwali hukisimulia kwa fahari. Husema kwamba Facebook ilichagua rangi ya buluu kwa sababu buluu huleta imani mioyoni mwa watu. Lakini mwenyewe Mark Zuckerberg alieleza sababu katika jarida la The New Yorker mwaka 2010. Macho yake hayatofautishi vema nyekundu na kijani, na buluu ndiyo rangi aionayo kwa ukamilifu. Basi mbele ya rangi hiyo iliyozunguka dunia hapakuwa na elimu ya siri za moyo. Palikuwa na macho ya kijana mmoja, sawa na ya mwanafunzi wangu. Tofauti ni kwamba mmoja aliweza kuchagua rangi ya ukurasa wake, na mwingine alipewa ramani yangu.

Hapa mpinzani wangu atasimama na kuniuliza: "Ikiwa rangi hazina maana ya asili, mbona makampuni makubwa huzigharamia? Mbona maduka ya njia nzima hupakwa rangi ya kampuni moja ya simu au ya soda?" Ni swali la haki, nami sitalikwepa. Jibu langu ni kwamba maana ni jambo moja, na nguvu ni jambo jingine. Sikukana kwamba rangi ina nguvu. Nyundo ina nguvu, lakini haina maoni.

Nguvu ya kwanza ya rangi ni kuvuta jicho, nayo haitokani na wekundu au ukijani, bali hutokana na tofauti. Embe moja bivu kati ya mabichi mia huonekana upesi. Na embe moja bichi kati ya mabivu mia huonekana upesi vile vile. Nguvu ya pili ni mazoea. Duka likipakwa rangi moja miaka kumi, rangi hiyo itakukumbusha bidhaa yake hata ukiiona kwenye shati la mpita njia. Hayo ni mazoea ya kufundishwa kwa kurudiarudia, kama kuku ajuavyo mlio wa debe la mtama.

Tena wenye fedha nyingi wala hawaliamini lile jedwali wanaloachiwa wanafunzi kulikariri. Ilijulikana mwaka 2009 kwamba Google ilijaribu namna 41 za buluu ili ione ni ipi itakayobonyezwa na watu wengi zaidi. Mwaka 2014 mkurugenzi wake mmoja nchini Uingereza alisema kwamba buluu iliyochaguliwa kwa njia hiyo katika matangazo iliongeza mapato ya dola milioni 200 kwa mwaka. Angalia jambo hili kwa makini, msomaji. Hawakuuliza buluu ina maana gani. Walihesabu vidole vya watu. Vidole vyako na vyangu ndivyo vilivyokuwa mtihani, na hatukujua kwamba tumo katika chumba cha mtihani. Kadhalika kile kidoti chekundu chenye tarakimu kinachokaa juu ya alama za simu hakikuambii kwamba kuna jambo la maana. Chakuambia tu kwamba kuna jambo. Nawe huacha kitabu chako ukaenda kulitazama.

Ikiwa hasara ingekuwa ni dakika chache za kusoma, labda nisingeandika insha hii. Lakini rangi yaweza kuchukua kiti kisicho chake kabisa, yaani kiti cha hakimu. Mwezi Juni 1994 mchezaji mashuhuri wa Marekani, O. J. Simpson, alikamatwa kwa tuhuma ya kumwua aliyekuwa mke wake na mtu mwingine. Polisi walimpiga picha. Majarida mawili, Time na Newsweek, yaliiweka picha ile ile moja kwenye majalada yao ya wiki moja. Newsweek iliiacha kama ilivyokuwa. Time iliitia giza: ngozi ya mtu yule Mweusi ikafanywa nyeusi zaidi, na uso wake ukazamishwa katika vivuli. Wasomaji walioyaona majarida hayo mawili yakiwa pamoja dukani waligundua tofauti, malalamiko yakawa makubwa, na mhariri wa Time akalazimika kujieleza. Mtuhumiwa hakuwa amesimama bado mbele ya baraza la mahakama, na baraza hilo lilipomaliza kazi yake mwezi Oktoba 1995 lilimwachilia. Watu hubishana hadi leo juu ya hukumu ile. Lakini hilo si shauri letu hapa. Shauri letu ni kwamba jalada lilikwisha kuhukumu bila ya shahidi, na lilihukumu bila kuandika neno moja la uwongo. Neno la uwongo mtu aweza kulipinga kwa neno la kweli. Giza lililopakwa juu ya uso wa mtu utalipinga kwa neno gani?

Usidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 2005 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari kama wewe. Tarehe 21 Novemba mwaka huo Wakenya walipiga kura ya maoni juu ya katiba iliyopendekezwa, na alama zilikuwa matunda mawili: ndizi kwa "Ndiyo" na chungwa kwa "Hapana". Tuligawanyika bwenini kwa matunda hayo. Tulivaa vitambaa vya rangi ya chungwa au vya manjano, tukaimba, tukatukanana, na marafiki wawili niliowapenda waliacha kusemezana. Nakumbuka kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amesoma ukurasa mmoja wa kile tulichokipigania. "Hapana" ikashinda. Chungwa likawa baadaye jina la chama kikubwa cha siasa, na ndizi ikarudi sokoni.

Mwaka 2010, tarehe 4 Agosti, tuliulizwa tena, safari hii juu ya Katiba yenye vifungu 264. Alama zilikuwa rangi zenyewe: kijani kwa "Ndiyo" na nyekundu kwa "Hapana". "Ndiyo" ikashinda kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Sisemi kwamba watu walipigia kura rangi; wengi walikuwa na hoja nzito upande huu na upande ule. Wala siwalaumu waliotaka alama ziwepo, kwani asiyejua kusoma naye ana haki ya kura yake, na alama humsaidia. Nasema hili tu: taa za barabarani zilikuwa zimetufundisha kwa miaka mingi kwamba kijani ni "pita" na nyekundu ni "simama"; basi swali lililovikwa rangi hizo halikuja kwetu likiwa swali tupu. Asiyejua kusoma ana udhuru. Sisi tuliofundishwa kusoma kwa karo ya wazazi wetu, tukachagua kwa rangi, tuna udhuru gani?

Basi tufanye nini? Sikuamuru uichukie rangi. Anayechukia rangi na achukie machweo na mashamba ya chai. Nataka rangi iwe mtumishi wa ukweli, isiwe hakimu wake. Wewe ni mtengenezaji pia, maana waandika gazeti la ukutani, wachora mabango ya vyama vya shule, na kesho waweza kuwa mhariri. Kwa hiyo shika haya.

Kwanza, andika jambo lako kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kisha ulisome. Likiwa dhaifu bila rangi, rangi haitalitia nguvu, bali italifichia udhaifu. Pili, rangi isiseme peke yake kamwe. Ukipaka nyekundu, andika "hatari", au chora mistari, au weka alama yenye umbo lake. Ushauri huo waliutoa hata waliotunga kanuni za kurasa za intaneti mwaka 1999, na kama ningaliufuata, mvulana yule asingalichekwa. Tatu, linda tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mahali yalipoandikwa. Kanuni za mwaka 2008 zataka tofauti isiyopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Maandishi ya manjano juu ya karatasi nyeupe hayafikii hata karibu, na bibi yako hatayasoma. Nne, kila uonapo rangi imewekwa mbele yako, uliza ni nani aliyeiweka na atapata nini ukiitii. Tano, wakati wa likizo, kama nyumbani kuna simu uruhusiwayo kuitumia, igeuze iwe ya kijivu kwa siku saba. Simu nyingi zina njia hiyo. Utaona mwenyewe ni mambo mangapi yaliyokuvuta kwa utamu wake, na ni mangapi yaliyokuvuta kwa ganda lake.

Kama wadhani kwamba nakutaka jambo gumu, mtazame mama anunuaye kanga. Hapana nguo yenye rangi kuliko kanga. Ina pindo lake pande zote, ina mji wake katikati, na ina jina lake, yaani maneno, ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na sasa kwa herufi za Kirumi. Mama yule huipenda rangi; huikunjua, huiweka begani, hujitazama. Lakini hatoi fedha bado. Huinamia chini ya mji akasoma jina, kwani ajua kwamba kanga ya rangi nzuri yenye jina la matusi itamgombanisha na jirani kabla haijafuliwa mara ya pili. Jina lisipomfaa, huikunja akairudisha, rangi iwe nzuri namna gani.

Mama huyo labda hakufika kidato chochote, wala hajapata kuliona jedwali la rangi. Wewe umefika. Basi ukiletewa gazeti, au bango, au karatasi ya kura, furahia mji na pindo lake kadiri upendavyo. Kisha inama usome jina, ndipo ukate shauri.